Je, Wajua? Chaki Iliyomtoa Keith Haring

Je, wajua kuwa Keith Haring, yule Mmarekani wa vijitu vinavyocheza na rangi za kuwaka, alipata jina chini ya ardhi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika stesheni za treni za New York, mbao za matangazo zilizokosa mteja zilifunikwa kwa karatasi nyeusi. Wengine waliona karatasi. Haring aliona ubao wa darasani. Alishuka kwenye treni na chaki nyeupe, na baada ya dakika chache palikuwa na mtoto anayetambaa huku akitoa miali, au mbwa anayebweka. Hakuna kufuta. Polisi walimkamata si mara moja.

Hakuishia kwenye chaki. Alipamba saa za Swatch, akachora hata mwili wa mwanamuziki Grace Jones. Mwaka 1986 alifungua duka, Pop Shop, katika mtaa wa Lafayette, akiuza fulana na beji. Wapo waliomwita mchuuzi. Mimi naona alikuwa sahihi: asiye na uwezo wa kununua picha aliondoka amevaa Haring kifuani.

Mwaka huohuo alichora ukuta Harlem kukemea dawa za kulevya, bila kibali, akatozwa faini. Alifariki Februari 1990 kwa matatizo ya Ukimwi, akiwa na miaka 31. Ukuta ule ungalipo, na uwanja wa michezo uliopo hapo umepewa jina la mchoro wake.