Bendera Yenye Mizani Tisa

Paukwa! Pakawa! Haya, sogeeni, wanangu. Leo safari ni ya Ugiriki, na tutasafiri kwa karatasi na penseli ya buluu.

Chora milia 9 ya kulala, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza upake buluu, wa pili uuache mweupe, endelea hivyo hadi chini. Ukianza na buluu utamaliza na buluu, kwa hiyo ya buluu itakuwa 5 na myeupe 4. Sasa kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti, weka mraba wa buluu wenye msalaba mweupe. Umeshachora bendera ya Ugiriki.

Lakini kwa nini 9? Mbona si 7 wala 10?

Ninyi mliosoma ushairi mnajua kuhesabu mizani. Basi hesabuni pamoja nami maneno haya ya Kigiriki: E-lef-the-ri-a i tha-na-tos. Mmepata ngapi? Tisa. Hiyo ndiyo kaulimbiu ya taifa la Ugiriki, na maana yake ni "Uhuru au kifo". Tazameni tena. Eleftheria, yaani uhuru, ina mizani 5, sawa na milia ya buluu. Maneno yaliyobaki, "au kifo", yana mizani 4, sawa na milia myeupe. Wagiriki wengi hufundishwa hivyo tangu utotoni. Haya ni masimulizi ya watu, hayakuandikwa kwenye sheria, na wapo wanaosema ile 9 ni idadi ya herufi za neno "uhuru" katika maandishi yao. Lolote utakaloshika, uhuru umo.

Sasa tuulize: nani alianza kutamka maneno mazito namna hiyo?

Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili wa Dola ya Uthmaniya aliuteka mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Baada ya hapo sehemu kubwa ya nchi ya Wagiriki ikawa chini ya dola hiyo. Waliendelea na lugha yao na kanisa lao, lakini walilipa kodi kwa mtawala ambaye hawakumchagua, na mkulima aliyeonewa hakuwa na wa kumtetea.

Mwaka 1814 wafanyabiashara watatu wa Kigiriki walikutana Odessa, mji wa bandari katika Bahari Nyeusi, wakaanzisha jumuiya ya siri iliyoitwa Filiki Eteria, yaani Jumuiya ya Marafiki. Aliyejiunga alikula kiapo. Kwenye bendera yao waliweka herufi chache tu za kufupisha yale maneno: uhuru au kifo. Kwa hiyo, wanangu, kaulimbiu ilitangulia, nchi ikafuata.

Vita vilianza Machi 1821. Katika kisiwa cha Spetses alikuwepo mama mjane, Laskarina Bouboulina. Alitumia mali yake kuunda meli ya kivita iliyoitwa Agamemnon, akaiongoza vitani mwenyewe. Kule katika mji wa Messolonghi watu walizingirwa kwa takriban mwaka mzima hadi chakula kikaisha kabisa. Usiku mmoja wa Aprili 1826 walifungua malango wakajaribu kupenya katikati ya majeshi yaliyowazunguka, wanaume, wanawake na watoto. Wachache walifika milimani, wengi hawakufika. Kwa watu wa Messolonghi yale maneno, uhuru au kifo, yalitimia kama yalivyo.

Uhuru ulitambuliwa rasmi na mataifa makubwa mwaka 1830. Ila bendera haikungoja. Mnamo Januari 1822, vita vikiwa vimepamba moto, wajumbe walikutana Epidaurus wakachagua rangi mbili, buluu na nyeupe. Ile ya nchi kavu ilikuwa ya buluu yenye msalaba mweupe tu, na ile yenye milia ilikuwa ya meli. Zilitumika zote mbili kwa miaka mingi, hadi mwaka 1978 ile yenye milia ilipofanywa bendera pekee ya taifa. Msalaba ule mweupe wa zamani bado umo katika nembo ya taifa, ndani ya ngao ya buluu iliyozungukwa na matawi ya mloreli.

Bendera tumeimaliza, sasa tuje kwenye wimbo wa taifa. Mwaka 1823 katika kisiwa cha Zakynthos, kijana wa miaka 25, Dionysios Solomos, aliandika shairi la kuusifu uhuru. Alikuwa amesomea Italia na mashairi yake ya kwanza aliyaandika kwa Kiitaliano, lakini hili alilitunga kwa Kigiriki cha watu wa kawaida. Mnajua lina beti ngapi? 158! Na kila ubeti una mishororo minne. Nikolaos Mantzaros wa kisiwa cha Corfu alilitia muziki, na mwaka 1865 likawa wimbo wa taifa. Msiogope, hakuna anayesimamishwa juani kwa beti zote hizo. Huimbwa mbili za kwanza tu. Nchi ya Kupro nayo huutumia wimbo huo huo.

Sasa twendeni Athens, mbele ya bunge, kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana. Hapo husimama walinzi waitwao Evzoni, wima, bila kutikisika, saa nzima hadi wenzao waje kuwapokea. Siku ya Jumapili na sikukuu huvaa fustanela, sketi nyeupe yenye marinda tele. Viatu vyao ni vya ngozi, vizito, vina kishada cheusi puani na misumari kwenye soli, ndiyo maana hatua zao husikika hadi ng'ambo ya barabara. Marinda ya fustanela husemwa kuwa ni 400, moja kwa kila mwaka wa kutawaliwa. Aliye hodari wa hesabu atoe 1453 katika 1821. Atapata 368, si 400. Tena miji mingine ilitekwa kabla ya Constantinople, na kisiwa cha Krete kilikuja kutekwa mwaka 1669. Kumbe marinda hayakushonwa na mwalimu wa hesabu! Yamekuzwa kidogo ili yakumbukwe kwa urahisi.

Wagiriki wana sikukuu mbili za taifa. Ya kwanza ni Machi 25, ya kukumbuka vita vya 1821. Ya pili ni Oktoba 28, na jina lake ni neno moja: Ohi, yaani "Hapana". Siku hiyo mwaka 1940, kabla ya mapambazuko, balozi wa Italia alimwamsha waziri mkuu Ioannis Metaxas akampa barua: majeshi ya Italia yaruhusiwe kuingia Ugiriki, na jibu litoke ndani ya saa chache. Metaxas akakataa. Nawaambia ukweli, Metaxas hakuwa rafiki wa uhuru nyumbani kwake. Mwaka 1936 alikuwa amelivunja bunge na kuwafunga wapinzani. Ndiyo maana sifa ya "Hapana" ile wanapewa zaidi wananchi waliotoka kuilinda nchi.

Mwaka 1941 Wajerumani waliiteka Athens wakapandisha bendera yao ya Kinazi juu ya kilima cha Akropoli. Usiku wa Mei 30, 1941, vijana wawili, Manolis Glezos wa miaka 18 na Apostolos Santas wa miaka 19, walipenya kwenye pango chini ya kilima, wakapanda kimyakimya, wakaishusha. Wajerumani waliwahukumu kifo bila kujua ni akina nani. Glezos aliishi hadi mwaka 2020.

Hivyo basi, wanangu, msiichukulie alama ya taifa kama pambo la ukutani. Ulizeni nani aliichagua, mwaka gani, na siku hizo watu walikuwa wanapitia nini. Kisha pimeni lipi limeandikwa na lipi limesimuliwa, kama tulivyofanya na marinda. Anzeni na za kwenu. Ngao ya Tanzania ina maneno "Uhuru na Umoja", ya Kenya ina "Harambee". Mwulizeni mwalimu yalifikaje pale, na akiwajibu "ndivyo ilivyo tu", ulizeni tena.