Kompyuta Kuukuu na Diski Kubwa (Sehemu ya Pili): Isome Namba

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia nyaya: diski ya IDE, diski ya SATA, na adapta inayoziunganisha. Sasa tuchukulie kwamba diski imeshafungwa, inazunguka na kompyuta inaiona, ila inaiona nusunusu. Umenunua terabaiti 3, skrini inaonyesha gigabaiti 746. Wengi hapo humrudia muuzaji kwa hasira, kumbe namba hiyo ya ajabu inamwondolea lawama. (Ukiona 465 kwenye diski ya 500 usihangaike kabisa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024.)

Kwa kompyuta, diski ni msururu wa sekta, kwa kawaida za baiti 512, kila moja na namba yake. Namba hizo huandikwa kwa biti zenye idadi maalumu, mfano wa fomu yenye visanduku vitatu vya tarakimu: nyumba ya 999 inaandikika, ya 1000 haina pa kuandikwa. Waliotunga fomu hizo hawakuwa wazembe. IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10.

Kikomo kilichowatesa watu mapema kilikuwa megabaiti 528. Wakati huo namba ya sekta ilikuwa na sehemu tatu: silinda, kichwa na sekta. BIOS, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, ilikubali silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. Kanuni ya diski za IDE iliruhusu silinda 65,536 lakini vichwa 16 tu. Zilipokutana, kila kipimo kilishuka hadi kile cha aliye mdogo: 1024 mara 16 mara 63 mara 512. Baadaye kikaja cha gigabaiti 8.4, kisha 33.8, ambacho kiligandisha baadhi ya kompyuta zenye BIOS ya Award zilipokuwa zikiwaka. Mashine hizo leo ni za makumbusho, tuziache.

Kikomo unachoweza kukutana nacho bado kwenye kompyuta ya miaka ya 2000 mwanzoni ni cha gigabaiti 137, ambacho Windows hukionyesha kama 127 au 128. Hapo namba ya sekta ina biti 28, na biti 28 huishia kwenye sekta 268,435,456. Kanuni ya ATA-6 ya mwaka 2002 ilizipandisha hadi 48. Windows XP ya awali haikuzijua. Ilizipata katika Service Pack 1. Hatari yake ni kubwa kuliko usumbufu wake: mfumo usiojua biti 48 ukiandika kupita kikomo, unaweza kurudi mwanzo wa diski na kufuta kilichokuwapo. Kwa hiyo sasisha BIOS na Windows kwanza, ndipo uweke data. Kama BIOS haina toleo jipya, kadi ya PCI yenye BIOS yake hutosha. Linux ikishawaka haiisikilizi tena BIOS, mradi sehemu ya kuwashia iwe mwanzoni mwa diski.

Turudi kwenye 746. Biti 32 huishia terabaiti 2.2. Toa hizo kwenye terabaiti 3, zinabaki kama baiti bilioni 801, yaani gigabaiti 746 za Windows. Hesabu imezunguka ikaanza upya, na mara nyingi mkosaji ni draiva ya kidhibiti diski, isasishe. Lakini ukiona 2048 na nafasi iliyobaki haigawiki, lawama ni ya MBR, jedwali la zamani la ugawaji wa diski, ambalo nalo huandika namba za sekta kwa biti 32. Dawa ni jedwali jipya, GPT. Windows XP ya biti 32 haiisomi. Windows 7 huisoma, ila kuwakia juu yake hudai UEFI, mrithi wa BIOS, na toleo la biti 64. Ushauri wangu kwa mwenye bodi ya zamani: acha mfumo kwenye diski yake ndogo, diski kubwa iwe ghala tu.

Mtego mmoja wa mwisho. Baadhi ya makasha ya USB hujifanya yana sekta za baiti 4096, na kwa ujanja huo MBR hufika terabaiti 17.6. Ukiitoa diski humo na kuifunga ndani ya kompyuta, itaonekana tupu, nawe utaombwa kuifomati. Kataa. Irudishe kwenye kasha lake, nakili mafaili kwingine, ndipo uigawe upya.