Je, Wajua? Mfarishi wa Bibi Una Siri Zake

Je, wajua kuwa tandiko la viraka liliwahi kuuzwa kwa dola 264,000? Naam, dola! Lilishonwa na Lucinda Ward Honstain wa Brooklyn mwaka 1867, na mwaka 1991 likapigiwa nyundo kwenye mnada wa Sotheby's. Kwenye vipande vyake 40 vya picha yumo mtu mweusi akimwambia bwana aliyepanda farasi kwamba sasa yeye ni huru.

Huo ndio mfarishi: viraka juu, pamba katikati, bitana chini, na mishono inayoshika vyote vitatu pamoja. Marekani umejaa kwenye masanduku ya mabibi, na wajukuu hawajui walichorithi. Sogea nikuonyeshe wataalamu wanavyoutambua!

Je, wajua kuwa umri wa mfarishi husomwa kwenye kiraka chake kichanga kuliko vyote? Viraka mia vinaweza kuwa vya mwaka 1850, lakini kimoja tu kikiwa cha 1930, basi kazi ilimalizika 1930 au baadaye. Na hutokea! Bibi alishona viraka, akafariki, mjukuu akaja kutia pamba na bitana miaka 50 baadaye.

Tafuta zambarau inayowaka. Rangi hiyo ya kutengenezwa ilipatikana London mwaka 1856, na aliyeipata, William Perkin, alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Unajua alikuwa anatafuta nini? Kwinini, dawa ya malaria! Kiraka chenye rangi ya Perkin hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo, hata mwenye nacho aape.

Umewahi kuona mfarishi ambao viraka vya kahawia vimeoza vikawa vumbi, na vyekundu vilivyo kando yake ni vizima kabisa? Usilaumu nondo. Zamani kahawia na nyeusi zilikolezwa kwa chuma, na chuma hicho hula uzi polepole, mwaka baada ya mwaka, ndani ya sanduku lililofungwa.

Sasa zima taa, uwashe ile wanayokagulia noti bandia benki. Uzi uking'aa buluu nyeupe, huenda umetoka kiwandani baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini tulia kwanza! Sabuni ya unga ya siku hizi nayo humng'arisha mzee wa miaka 150 aliyefuliwa juzi.

Je, wajua kuwa mshono wa cherehani si dalili ya mfarishi mpya? Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, na Singer akafuata 1851. Cherehani ilikuwa mali ya fahari, na wapo waliopitisha mshono wake mahali pa kuonekana ili wageni waone! Kama ni kazi ya mkono, chukua rula uhesabu mishono ya juu: 10 au 12 kwenye inchi moja, hapo umemkuta fundi.

Na zile punje nyeusi unazoziona ukiuinua mfarishi juani? Wengi huapa kuwa ni mbegu za pamba, kwa hiyo mfarishi ni wa kabla ya mashine ya kuchambua pamba ya 1793. Si lazima! Pamba ya bei rahisi iliendelea kubaki na takataka miaka mingi baada ya mashine hiyo.

Hapa utashtuka. Kuanzia miaka ya 1830, meli za Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja marobota kwa marobota ya merikani. Kitambaa cha aina hiyo hiyo, cha pamba isiyopaushwa, ndicho akina mama wa Marekani walichokifanya bitana. Bibi wa Massachusetts na bibi wa Unguja walitumia kitambaa cha aina moja bila kujuana!

Kuna undugu wa karibu zaidi. Huko Karnataka, India, wako Wasidi, uzao wa watu waliochukuliwa kutoka Afrika, wengi wao pande zetu za mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo chakavu, wakianzia pembezoni na kuzunguka, kuzunguka, mpaka wakutane na katikati. Pembeni huwekwa vipande vidogo vya kukunja viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo mfarishi huhesabiwa uko uchi.

Je, wajua kuwa Jane Stickle wa Vermont aliunganisha vipande 5,602 kwenye mfarishi mmoja? Sikukadirii, mwenyewe aliishona hesabu hiyo kwenye kona, pamoja na jina lake na mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alitoa ushahidi wote mahali pamoja! Jina na tarehe vilivyoshonwa hupandisha thamani haraka, basi kama bibi yako yu hai, mwulize leo na umwandikie kibandiko.

Sasa Harriet Powers. Huyu namwekea kiti cha mbele. Alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837, na mwaka 1886 akaonyesha mfarishi wa visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua. Harriet akakataa katakata. Miaka michache baadaye maisha yalikaza, akataka dola 10, akapewa 5. Lakini hakuuacha hivi hivi: alieleza maana ya kila picha, Smith akaandika, na baadaye Harriet akarudi mara kadhaa kuutazama mtoto wake. Leo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, na wake mwingine uko Boston. Inajulikana miwili tu duniani!

Je, wajua kuwa mfarishi mmoja una bei mbili halali? Ya bima ni gharama ya kupata mwingine kama huo, na ya soko ni kile mnunuzi atakachotoa leo. Ya bima kwa kawaida huwa juu, basi mtathmini akikutajia bei, mwulize ni ipi.

Na la mwisho, lishike vizuri. Mwaka 1933 kampuni ya Sears iliitisha shindano la mifarishi, ikaletwa karibu 25,000! Aliyeshinda, Margaret Caden wa Kentucky, alitwaa zawadi kuu ya dola 1,000, kumbe wanawake aliowaajiri ndio walioushona. Mfarishi wenyewe, wenye nyota, ukapelekwa kwa Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Tangu hapo haujaonekana tena! Kama una shangazi Marekani mwenye sanduku la zamani, mpigie simu.