Cowboys na Ufa Usiozibwa
Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Agosti 2025, Dallas Cowboys walimtoa Micah Parsons, nguzo ya ulinzi wao, kwa Green Bay Packers. Septemba, hapa Arlington, Giants wakatupachika pointi 37; tukaponea muda wa nyongeza, 40–37. Wiki mbili baadaye Packers wakaja na Parsons wao: sare, 40–40.

Dak Prescott afanye nini tena? Timu inayofunga 40 ikakosa ushindi, tatizo liko nyuma. Kocha wa ulinzi, Matt Eberflus, alifukuzwa Januari 2026. Sawa, wapinzani walidaka mipira bila kukabwa. Lakini aliyemwachia Parsons ni Jerry Jones, mmiliki na meneja mkuu. Makocha hubadilishwa, yeye habadilishwi. Sasa wanachama, huo ukuta ataujenga nani?