Kabla Hujachomeka Gitaa la Besi

Kila sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, kila tamasha la ukumbini, hadithi ni ileile: besi inakoroma, spika inapasuka, halafu lawama zote zinamwendea amplifaya. "Mashine mbovu hii, chama kinunue nyingine!" Nyingine ikinunuliwa ni kwa pesa zetu wenyewe, na inakufa kwa namna ileile. Mimi nasema mara nyingi mashine haina kosa. Aliyeiunganisha hakuwahi kuelezwa inavyofanya kazi, basi. Sasa tuelezane.

Uzi mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ile E ya chini, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. E ya chini ya gitaa la kawaida ni mara 82. Sauti nzito hivyo inaidai spika isukume hewa nyingi, karatasi yake iende mbele na kurudi nyuma kwa safari ndefu. Ndiyo maana kampuni ya Fender ilipotoa besi yake ya umeme, Precision, mwaka 1951, ilifuatisha mwaka 1952 amplifaya ya besi peke yake, Bassman. Ukichomeka besi kwenye kiamplifaya cha gitaa la solo na kupiga taratibu chumbani, hakuna neno. Ukikifungulia mpaka kishindane na ngoma, unaiua spika. Na usidanganywe na namba za wati: kutoka wati 100 kwenda 200 sauti haiongezeki mara mbili, inapanda kidogo tu.

Amplifaya nyingi za ukumbini zina spika humohumo ndani, kwa hiyo waya ni mmoja, kutoka kwenye gitaa. Shida inaanza pale kichwa na boksi la spika vinapokuwa mbalimbali. Waya wa gitaa na waya wa spika vinaweza kuwa na jeki zinazofanana kama mapacha, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Wa gitaa una uzi mwembamba uliozungushiwa wavu wa kuzuia mivumo. Wa spika una nyaya mbili nene za kubeba nguvu. Ukitumia wa gitaa kupeleka nguvu kwenye spika, unaweza kupata moto, ukapiga shoti, na amplifaya ikaondoka nao. Soma maandishi kwenye ganda la waya. Kama yamefutika, uliza.

Soma pia ohmu nyuma ya kichwa. Kikiandikwa mwisho wa chini ni ohmu 4, unaruhusiwa maboksi mawili ya ohmu 8, kwa sababu yakiungwa sambamba yanakuwa 4. La tatu usiongeze, hata kama lipo stoo na mashabiki wanadai mtetemo. Na kama kichwa ni cha valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, kamwe usikiwashe bila spika.

Haya yote ni hasara ya vitu. Ya ethi ni hasara ya mtu, na hapo ndipo naomba usiruke mstari.

Tunajua wote ule mchezo wa kusukumia kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa chaja ya simu tumezoea. Ila kuna mafundi wa jukwaani ambao, amplifaya ikivuma, wanakata pini ya ethi au wanapitishia adapta isiyo nayo. Mvumo unaisha kweli, wanapigiwa makofi. Sasa fikiria: nyuzi za besi kwa kawaida zimeunganika na bodi la chuma la amplifaya kupitia wavu wa ule waya. Umeme ukivuja ndani, na ethi haipo, nyuzi unazozishika zina umeme. Midomo yako ikigusa kipaza sauti ambacho kupitia mixa kina ethi nzuri, mwili wako unakuwa daraja. Inaweza kutokea kinyume chake pia, kosa likawa upande wa kipaza sauti. Mwaka 1972 huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika kipaza sauti kisicho na ethi sawasawa akiwa jukwaani, akafa palepale mbele ya watazamaji.

Kwa hiyo ukihisi midomo inachonyota kama imeguswa na sisimizi, usicheke wala usivumilie mpaka wimbo uishe. Zima, aitwe fundi umeme. Amplifaya na mixa vichukue umeme sehemu moja yenye ethi inayofanya kazi. Kama ni mvumo unaokusumbua, na unapeleka besi kwenye mixa kupitia tundu la nyuma lenye pini tatu, tafuta kando yake kiswichi kilichoandikwa GND au LIFT. Hicho hutenganisha ethi ya waya wa sauti tu. Ethi ya umeme inabaki.

Kuwasha kwenyewe ni rahisi. Sauti iwe sifuri, chomeka waya pande zote mbili, ndipo uwashe. Besi, midi na trebo ziache katikati. Piga uzi kwa nguvu zako zote huku ukipandisha geini, taa nyekundu ikianza kumweka rudisha kidogo, halafu ndipo upandishe sauti kuu. Gitaa lako likiwa na betri ndani, tumia tundu lililoandikwa "active", au bonyeza kitufe hicho.

Usiposikika, mkono utataka kwenda kwenye nobu ya besi. Uzuie. Ukumbi wenyewe, hasa amplifaya ikiwa kwenye kona, umeshaongeza uzito wa kutosha. Kinachokosekana ni midi. Wapigaji wa sebene wanalijua hili, ndiyo maana besi yao unaisikia inaongea, hainguruma tu. Halafu inua amplifaya iwe juu ya meza imara, kwani masikio yako hayako magotini. Wengi wanafungulia sauti mpaka walio mbele wanaumia, kumbe wao wenyewe waliosimama pembeni yake ndio hawaisikii.

Mkimaliza, shusha sauti, zima, ndipo uchomoe. Besi ya betri ichomolewe waya hata kama mna mazoezi kesho asubuhi, maana jeki ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha.