Sanduku la Besi Ndani ya Gari

Katika mitaa ya Nairobi, matatu husikika kabla haijaonekana, na kinachotangulia ni besi. Maneno ya wimbo hufika baadaye, gari likiisha kusimama kituoni. Nyuma ya kiti cha mwisho, au chini yake, huenda pakawa na sanduku la mbao ambalo spika yake haionekani. Kionekanacho ni mdomo wa bomba tu. Abiria aweza kudhani kwamba bomba hilo ni pambo, au ni tundu la kuipoza spika. Kumbe ndilo litoalo sauti yote.

Spika iliyo wazi haifai kwa besi. Koni yake isukumapo hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati ule ule, na mawimbi hayo mawili hubatilishana. Katika sanduku la namna hii, spika hufungwa kwenye ubao wa kati uligawao sanduku vyumba viwili. Chumba cha nyuma kimezibwa kabisa, na hewa iliyomo hufanya kazi ya springi: huizuia koni isiende mbali mno katika sauti za chini kabisa. Chumba cha mbele kina bomba, nacho hufanana na chupa ipulizwayo mdomoni; kina mlio wake maalumu, wa aina iliyochunguzwa na mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Sauti zilizo juu sana ya mlio huo hubadilika upesi mno kiasi kwamba hewa iliyomo bombani, kwa uzito wake, haiwahi kuzifuata. Basi za chini huzuiwa nyuma, za juu huzuiwa mbele, na ukanda wa katikati ndio upitao. Wazo hili si jipya: d'Alton alipata hataza yake Marekani mwaka 1934, ingawa hesabu za kutegemewa zilitokana na kazi za Neville Thiele, mwaka 1961, na Richard Small, katika miaka ya 1970, huko Australia.

Chukua mfano wa spika ambayo, ikiwa nje ya sanduku, hutetema mara 30 kwa sekunde, na ambayo ulaini wa koni yake ni sawa na ule wa hewa ya lita 60. Ikifungiwa chumba cha lita 34, gawanya 60 kwa 34, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 30: jibu ni karibu mitetemo 50. Chumba cha mbele nacho hutakiwa kulia kwa mitetemo 50 hiyo hiyo. Kikiwa cha lita 20, na bomba likiwa la kipenyo cha sentimita 10, kama lile la maji machafu, urefu wake hutakiwa kuwa karibu sentimita 40. Hapa ndipo fundi hukwama, kwa maana bomba haliingii. Akichagua la sentimita 7.5, urefu wa sentimita 21 watosha. Lakini hewa ipitayo njia nyembamba hukimbia zaidi, na besi huchanganyika na mvumo wa upepo. Afadhali bomba nene lenye kiwiko, mradi nafasi linayoichukua ndani iongezwe juu ya zile lita 20.

Hatari kubwa imo katika uchujaji wenyewe. Katika sanduku la kawaida, koni ifikapo mwisho wa mwendo wake hugonga, na fundi husikia akapunguza sauti. Hapa mgongo huo huchujwa na bomba. Fundi huendelea kuongeza, naye hutanabahi koili ikiisha kuungua, na mshahara wa mwezi umekwenda nayo. Masikio nayo hayana fyuzi. Taasisi ya Marekani ya afya kazini hushauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100 zabaki dakika 15. Abiria hushuka, kondakta hubaki humo mchana kutwa.

Kwa kuwa koni haionekani, sanduku hupimwa kwa umeme. Kizuizi cha omu 10 huungwa katika waya mmoja wa spika, kisha sauti ya mtetemo mmoja hupandishwa polepole, huku mita ikisoma volti za kizuizi hicho. Volti hushuka, hupanda, kisha hushuka tena. Kilele kilicho kati ya mabonde hayo mawili ndicho mlio wa chumba cha mbele. Kikiangukia 45 badala ya 50, bomba hufupishwa kidogo kidogo, na kipimo hurudiwa kila mara. Kwa hiyo bomba la kuanzia hukatwa likiwa limezidi urefu uliohesabiwa kwa sentimita chache.