Maniema: Mtoto akihara damu, SRO peke yake haitoshi

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kipindupindu si kigeni. Kuhara damu, hata hivyo, ni ugonjwa mwingine. Kijidudu cha kipindupindu hubaki juu ya ukuta wa utumbo na kumwaga sumu inayotoa maji mwilini. Shigela huingia ndani ya ukuta wenyewe. Askari wa mwili hukimbilia pale, na katika mapigano hayo utumbo unavimba na kuchubuka. Ndiyo maana hutoka damu na kamasi.

Goma iliona yote mawili mwaka 1994: kambini, kipindupindu kilitangulia, kuhara damu kukafuata.

SRO hurudisha maji na chumvi tu. Mtoto anayehara damu anahitaji pia antibiotiki kutoka kituo cha afya, si vidonge vya sokoni vya kufunga tumbo, vinavyozuia vijidudu kutoka. Njiani, aendelee kunyonya na kunyweshwa.